Jani kwenye pakiti haliifanyi pakiti ioze

Kuna kazi niliifanya miaka ya nyuma inanikera mpaka leo. Mteja alikuja na sabuni yake ya asili, anataka pakiti ya kaki, ile karatasi ya kahawia yenye vinyuzinyuzi, maana watu wakiiona tu wanaamini ndani hamna kemikali. Tatizo kaki tupu haizuii unyevu na sabuni ilikuwa inaharibika, basi tukafanya nini, tukaipiga picha karatasi ya kaki halafu tukaiprinti juu ya plastiki. Yaani plastiki iliyovalishwa sura ya karatasi. Juu yake nikaweka jani la kijani kilichopauka, na herufi za mtindo wa kuandika kwa mkono, na ilitoka nzuri sana, mteja akafurahi, na dizaini ni yangu kwa hiyo lawama ni yangu pia.

Tangu hapo nimekuwa nikiliwaza hili jambo na maoni yangu ni haya: sisi madizaina tumeyageuza mazingira kuwa staili. Mteja akisema "nataka brandi ya asili" wote mezani tunaelewa rangi zipi, jani lipi, tone la maji likae wapi, lakini kikao kinaisha hakuna aliyeuliza pakiti itakuwa ya kitu gani na ikishatupwa inaenda wapi.

Angalia hiyo kaki yenyewe. Rangi yake ya kahawia ni nyuzi za mti ambazo hazijapaukishwa, basi. Njia ya kuitengeneza iligunduliwa Ujerumani na Carl Dahl mwaka 1879, na jina lake la kwao, kraft, maana yake ni nguvu, maana karatasi hiyo ilipendwa kwa kuwa haichaniki ovyo na ndiyo hadi leo inashika mifuko ya saruji. Leo rangi ileile imekuwa alama ya wema, tena hata ikiwa imepakwa plastiki kwa ndani kama vikombe vingi vya karatasi vya kutumia mara moja, ambavyo vina utando wa plastiki na ndio maana vinawasumbua warejelezaji.

Na ile pembetatu ya mishale chini ya chupa, yenye namba katikati? Watu wengi wanaisoma kama ahadi kwamba kitu kitarejelezwa. Alama ya mishale ilichorwa na mwanafunzi Gary Anderson mwaka 1970 kwa ajili ya shindano la kampuni ya karatasi, halafu mwaka 1988 wenye viwanda vya plastiki Marekani wakaanza kutumia mishale kama hiyo na namba 1 mpaka 7 kuonyesha aina ya plastiki tu. Aina. Haisemi popote kwamba kuna mtu ataipokea.

Neno linaloniumiza zaidi ni "inaoza". PLA, ile plastiki ya wanga wa mahindi au ya miwa, inaoza kweli, ila inataka mtambo maalum wa mboji, joto la karibu nyuzi 60, unyevu, na ikae humo wiki kadhaa. Ukiitupa mtaroni au baharini itakaa miaka. Tena wakati wa kurejeleza ikichanganyika na chupa za PET, ile plastiki ya chupa za kawaida za maji na soda, inaziharibia, kwa macho huwezi kuzitofautisha lakini PLA inayeyuka kwa joto la chini zaidi. Kwa hiyo dizaina ukiandika "inaoza" kwa herufi kubwa bila kusema wapi na kwa njia gani, mnunuzi wa watu ataitupa kwa moyo mweupe akijua ametenda mema, na hapo mimi naona umemdanganya.

Mwaka 2021 Innisfree, kampuni ya vipodozi ya Korea Kusini, ilipata aibu kwa hili, chupa yao iliandikwa ni chupa ya karatasi, mteja mmoja akaipasua akakuta chupa ya plastiki ndani. Kampuni ikaeleza kwamba plastiki ilikuwa imepunguzwa, na ilikuwa imepunguzwa kweli, lakini jina ndilo lilisema kingine na ikabidi waombe radhi. Umoja wa Ulaya nao umechoka, kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 kuandika tu "rafiki wa mazingira" bila ushahidi wa maana itakuwa marufuku huko.

Kazi ya kweli iko kwenye vitu ambavyo havipigi picha nzuri. Gundi ya lebo, je inatoka kwenye maji ya moto au inang'ang'ania? Ile plastiki inayovalishwa chupa nzima kama soksi inapendeza, lakini mashine ya kuchambua taka inaweza kusoma soksi badala ya chupa, na plastiki nyeusi ya masizi ndiyo kabisa, inameza mwanga wa mashine haionekani. Boksi lina hewa kiasi gani ndani? Wino rangi ngapi? Haya yote yako mikononi mwa dizaina, si ya mwenye kiwanda peke yake.

Na ukitaka asili kweli ipo. London Marathon ya 2019 wakimbiaji walipewa kinywaji kwenye vifuko vya mwani vilivyotengenezwa na kampuni ya Notpla, unang'ata unakunywa, kifuko ukitaka unakimeza. Ecovative wa Marekani wanakuza nyuzi za uyoga ndani ya mabaki ya mazao, zinajaa kwenye kalibu, zinakaushwa, zinashika nafasi ya ile foamu nyeupe ya kukinga vitu visivunjike. Sura ya vitu hivyo imetoka kwenye kitu chenyewe, haikubandikwa juu, na mimi naiona nzuri kuliko majani yote niliyowahi kuchora.

Sasa hivi nina kazi ya chupa ya mafuta ya nywele. Tumekubaliana na mteja kioo kitupu, lebo ndogo ya karatasi isiyo na utando, wino mmoja mweusi, gundi ya kutoka kwa maji. Nafasi ya jani tumeandika jinsi ya kuibandua lebo.