Machozi Yale Yalikuwa ya Dawa ya Meno

Haya, ile sauti aliyorekodi rafiki yangu, kwamba nilivamiwa na wezi wakanifunga kamba, mmeisikia. Najua mmeisikia, kwa sababu simu yangu haijatulia tangu asubuhi, na kuna mtu ambaye hatujasalimiana tangu tumalize shule kaniandikia "pole sana na wezi". Hakukuwa na wezi. Wala hakuna mtu aliyenifunga kamba. Hayo ningeyanyamazia yapite, lakini huyo msimulizi wenu ameongeza kwamba alinikuta "analia kwa hofu ya bahari kabla hajalowa hata kidole". Hapo ndipo nimeacha kazi za watu nikakaa kuandika. Machozi yale, jamani, yalikuwa ya dawa ya meno.

Mnajua nimejiandikisha kozi ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, ile ya mwanzo kabisa, ambayo ukifaulu unaruhusiwa kushuka hadi mita 18. Mnajua kwa sababu siku hizi sina mazungumzo mengine. Kuna masomo ya kusoma nyumbani, mtihani, mazoezi ya bwawani, halafu ndiyo baharini. Unatakiwa pia uogelee mita 200 bila kupumzika na uelee dakika 10 bila kushika kitu. Kusoma nimesoma. Niamshe usiku wa manane nitakwambia kwamba kila mita 10 unazoshuka shinikizo linaongezeka angahewa moja, yaani kadiri ile ile ya hewa inavyotukandamiza huku juu, kwa hiyo hewa iliyojaa puto juu ya maji ikifika mita 10 inabaki nusu yake, na ukianza kupanda inatanuka tena, hata ile ya mapafuni, ndiyo maana amri ya kwanza ya mpiga mbizi ni usizuie pumzi kamwe. Nimemweleza kila mtu. Mzee wa mlango wa tatu nilimweleza kwenye ngazi, mizigo yake mkononi, mpaka akaniambia "nimeelewa, mwanangu, nimeelewa" kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Sasa vifaa. Miwani ya kupigia mbizi ikiwa mpya, kioo chake kinatoka kiwandani na utando mwembamba ambao usipouondoa kitashika ukungu hata ukitemee mate namna gani. (Ndiyo, wapiga mbizi hutemea mate miwani yao. Tusonge mbele.) Tiba ni dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiwe ya jeli. Unapaka upande wa ndani, unasugua kwa kidole, unasuuza, unarudia. Wapo wanaoiacha ilale hadi asubuhi, na mimi, kwa kiherehere mnachokijua, nikawa miongoni mwao. Kulipokucha nikasuuza kioo kikang'aa. Ila pale mpira unapokutana na kioo kuna kijimfereji chembamba, na humo dawa ilikuwa imekauka, imetulia, haionekani, inasubiri siku yake.

Halafu suti. Nilikuwa nimeruhusiwa kwenda nayo nyumbani niijaribu: ya mpira mzito, milimita 5, kuanzia shingoni hadi vifundoni, zipu mgongoni na utepe mrefu wa kujivutia mwenyewe. Mpira wenyewe una vipovu vidogo vya gesi vinavyozuia baridi, na ukiwa majini maji kidogo hupenya ndani, mwili ukayapasha joto. Mpango mzuri sana huo, ukiwa majini. Chumbani na madirisha yamefungwa, kinachojaa mle ni jasho lako peke yake.

Kuipandisha mapajani tu, mtu angesafiri akafika. Nilivaa soksi nyembamba ili miguu iteleze, kama tulivyofundishwa, na ikateleza kweli. Mabega ndiyo yalikuwa vita. Lakini niliingia, nikavuta utepe, zipu ikapanda, nikajitazama kwenye kioo. Nisiwadanganye, nilipendeza.

Na mtu akipendeza anataka picha. Nikaegemeza simu kwenye kiti, nikaweka kamera ihesabu yenyewe, nikavaa mapezi ya kuogelea miguuni, nikavaa miwani. Kuna namna ya kupima kama miwani inakufaa: unaiweka usoni bila mkanda, unavuta hewa puani kidogo, na isipodondoka ni ya kwako. Mimi nikavuta hewa kwa nguvu zangu zote na mkanda juu yake nikaufunga. Ile kitu ikaninata usoni. Picha ikapigwa. (Wale mnaoiomba: kichwa kimekatwa. Inaonekana kuanzia kidevuni kushuka chini. Hamtaipata.)

Hapa mnipe muda, maana hapa ndipo panaposimuliwa uongo.

Joto lilikuwa limenizidi, nikaamua kuvua suti kwanza, miwani baadaye. Nikafungua zipu. Maelekezo yanasema toa mkono mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Mimi nikaziteremsha bega zote mbili kwa mkupuo, kifua kikawa wazi, mikono ya suti ikajigeuza ndani nje huku ikiteremka, na ilipofika kwenye viganja ikagoma. Pale kwenye kiganja panabana makusudi ili maji yasipite. Hayakupita maji, haukupita mkono. Nikawa nimesimama katikati ya chumba, mikono yote miwili nyuma ya mgongo, vidole vimo ndani ya mpira, mapezi miguuni, miwani usoni.

Sikuogopa. Nasema tena, sikuogopa. Wapiga mbizi wana utaratibu wao shida ikitokea: simama, pumua, fikiri, ndipo utende. Nikasimama. Nikapumua kwa mdomo. Nikaanza kufikiri. Wakati nafikiri, tone la jasho likatoka kwenye nywele, likapita katikati ya paji la uso, polepole, nikilisikia kila hatua, likafika kwenye ukingo wa miwani. Likasita. Likapenya.

Dawa ya meno iliyokauka haina neno na mtu. Ikilowa, ndugu zangu, inafufuka.

Jicho la kushoto ndilo lililotangulia. Kwanza ubaridi mtamu, wa kuburudisha kabisa, nikadhani ni upepo. Halafu moto. Halafu la kulia likajibu. Machozi yakaanza kumiminika, na kwa kuwa miwani hii hufunika mpaka pua, hayakuwa na pa kutokea. Yakakusanyika chini, yakachanganyika na dawa iliyobaki, yakawa kidimbwi. Nikasugua uso kwenye fremu ya mlango nikidhani miwani itachomoka. Ilisogea kidogo tu, ikachota dawa ya upande wa pili ambayo ilikuwa bado haijaguswa.

Ndipo nikakumbuka somo. Maji yakiingia kwenye miwani huhitaji kuivua: unabana ukingo wa juu kwa vidole, unainua uso, unatoa pumzi puani, hewa inayasukuma maji yatokee chini. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo. Sina vidole? Nikajikaza kisabuni, nikainua uso, nikapuliza puani bila vidole.

Umewahi kupuliza hewa ndani ya maji yenye dawa ya meno?

Povu. Povu jeupe, jingi, lenye harufu ya asubuhi. Likajaa hadi sioni, mengine yakatokea pembeni yakashuka mashavuni, mengine yakapanda puani, na hapo nikafanya kile ambacho amri ya kwanza inakikataza: nikazuia pumzi.

Nilikwenda kwenye simu kwa kukumbuka tu ilipo. Nikapiga magoti, nikabonyeza kwa kidevu. Nilikuwa nalenga simu ya kawaida. Kidevu kikachagua ile ya kuonana. Na mtu wa mwisho niliyekuwa nimezungumza naye ni nani? Ni huyo huyo mtangazaji wenu. Akapokea anacheka, halafu akanyamaza. Mjiweke mahali pake, maana nami ni muungwana: mtu kifua wazi, mikono nyuma, povu usoni, nusu yake anaonekana juu ya kiti.

"Nani kakufunga, ndugu yangu?"

Nikasema nimekwama. Pua imezibwa, kwa hiyo kilichotoka ni "dibekwaba". Akauliza wako wangapi. Nikamwambia ni dawa ya meno. "Dawa ya bedo! Djoo!" Akasema nitulie, nisiwakasirishe, anakuja. Na kabla hajatoka kwake akampigia mama wa mlango wa pili, akampa habari za wezi.

Wewe unayecheka hapo, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Ukumbuke hilo.

Ukiwa na mapezi hutembei kwenda mbele, utajikwaa, unatembea kinyumenyume. Hili nalo lipo kwenye masomo na ndilo pekee lililonisaidia siku ile, maana mikono nayo ilikuwa huko huko nyuma. Nikarudi kinyumenyume, plap, plap, hadi mgongo ukagusa mlango. Kwa nje nasikia minong'ono, mtu anasema "msiingie, wana silaha". Nikapapasa. Mpira ule mnene haukupi habari yoyote ya unachoshika. Komeo, msumari, ukuta, vyote ni kitu kimoja. Nikalipata. Nikalisukuma kwa ngumi, likakataa. Nikaegemea mlango kwa uzito wangu wote ili lilegee, nikasukuma tena.

Likatoka. Mlango unafunguka kwa nje.

Kuna namna ya kuingia majini kutoka kwenye mashua: unakaa ukingoni, mgongo kwa maji, unashika miwani, unakunja kidevu kifuani, unajibwaga kinyumenyume. Tulikuwa hatujafika somo hilo. Lakini nawaambia, nililifanya likakamilika, kasoro maji. Nilitoka mgongo mbele, nikatua juu ya mkeka wa mlangoni, miguu ikafuata kwenda juu, na mapezi yakabaki yanapepea mbele ya mama wa mlango wa pili aliyeshika ufagio, mzee wa mlango wa tatu, na watoto ambao sikuwahesabu. Kimya. Halafu mtoto mmoja, kwa adabu zote, akamvuta mama yake nguo: "Mama, anauma?"

Mzee alinitazama kwa muda, akawageukia wenzake. "Ni yule wa shinikizo," akasema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Mengine hayana maana. Mama wa mlango wa pili alinivua miwani, nikamwagiwa maji machoni hadi nikaona tena, msimulizi akafika anahema, akavuta mkono mmoja kwanza, halafu wa pili, ukatoka dakika hiyo hiyo. Hakunipa pole. Alitoka ngazini akarekodi ile sauti, na sehemu ya "usiwakasirishe" ameikata, angalieni wenyewe.

Leo nilikuwa najaza fomu ya afya inayotakiwa kabla ya kozi. Ina maswali ya mapafu, moyo, na kama umewahi kupata matatizo ya macho, masikio au pua. Nimelitazama hilo la macho kwa muda mrefu. Nikiwa bado nalitazama, mkufunzi akaniandikia kuuliza kama nimeshaijaribu suti, kama inanikaa, au anitafutie kubwa zaidi.

Nimemjibu kwamba inakaa vizuri mno. Shida ni kuishawishi iondoke.