Imechukuliwa, Sawa. Imewahi Kurejeshwa?

Juzi kwenye kikao cha kupanga kazi ya kupandisha toleo la mfumo, niliuliza: mambo yakiharibika katikati, tunarudije? Nikajibiwa kwa tabasamu, "Usijali, bakapu ipo." Kikao kikasonga mbele, tukatumia muda wote uliobaki kubishania maneno ya tangazo la kuwaarifu watumiaji.

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ipo, haya. Ni ya lini? Nani amewahi kuifungua? Na ilifunguka kwenye toleo lipi, hili tulilonalo au lile tunalohamia?

Watu wamesahau mapema mno yaliyowapata GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Hilo laweza kumpata yeyote. Kilichonichoma ni kilichofuata: walipokwenda kutafuta bakapu, hakukuwa na kitu. Hifadhidata yao ilikuwa ya programu ya PostgreSQL, toleo la 9.6, lakini skripti ya bakapu ilikuwa inaita pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kutoa nakala ya data, ya toleo la 9.2. Toleo la zamani halikubali kusoma hifadhidata mpya kuliko lenyewe, basi kazi ilikuwa inaanguka kila mara. Barua pepe za kuonya zilitumwa, zikakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa, na kuinakili tu kulichukua kama saa 18.

Kwa hiyo mtu akiniambia logi, yaani kumbukumbu ya kazi, inasema "imekamilika", nacheka. Unganisha pg_dump na gzip, programu ya kubana mafaili, kwenye mstari mmoja, pg_dump ianguke: gzip itafunga hewa kwa bidii zote, ikukabidhi faili la bayti 20, na kama hukuwasha pipefail (mpangilio unaofanya mstari mzima uhesabiwe umeanguka sehemu yake moja ikianguka), skripti itaripoti kuwa mambo ni shwari. Jina la faili lina tarehe nzuri kabisa ya leo.

Ninachodai si kikubwa. Kabla ya siku yenyewe, chukua bakapu ya jana, irejeshe kwenye mashine nyingine yenye toleo jipya, washa programu juu yake, na uandike imechukua saa ngapi. Hapo ndipo utagundua kuwa pg_dump haibebi akaunti za watumiaji wa seva ya hifadhidata, na urejeshaji unalalamika kwamba mwenye majedwali hajulikani. Afadhali uligundue hilo mchana, umekunywa chai, kuliko saa nane za usiku huku bosi anapiga simu. Tena hayo masaa uliyoandika ndiyo yanayopanga ratiba. Huwezi kuomba saa mbili za kuzima mfumo wakati kurudi nyuma peke yake kunakula saa saba.

Haya, nakubali kwa shingo upande: pg_upgrade, chombo cha PostgreSQL cha kupandisha toleo, ina kasi, na mara nyingi inamaliza salama. Lakini ukiitumia na chaguo la --link, toleo jipya na la zamani yanachangia mafaili yaleyale, na ukishawasha jipya, la zamani huwezi kulirudia tena kwa usalama. Unarudi kwa bakapu tu.

Nanyi wa MySQL, ile programu nyingine ya hifadhidata, msicheke. Ukishatoka toleo la 5.7 ukaingia 8.0, njia ya kushuka haipo. Unarudi kwa bakapu uliyochukua kabla ya kupanda, na kila kilichoingizwa tangu hapo kinabaki huko juu, kwenye toleo jipya.