Kijani cha Bahari ya Hindi Kimepungua. Na Usanisinuru Je?

Upepo wa kusi unapovuma, hasa Juni hadi Septemba, husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi ya vilindini hupanda kuziba pengo. Maji hayo yamebeba naitreti na fosfeti, virutubisho ambavyo ni mbolea ya bahari. Yakifika penye mwanga, fitoplanktoni, vile vijimea visivyoonekana kwa macho, huzaliana kwa wingi hadi ukijani wake huonekana kutoka kwenye setilaiti.

Mwaka 2016, watafiti walioongozwa na Roxy Mathew Koll, mwanasayansi wa hali ya hewa huko Pune, India, waliripoti kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ambayo vijimea hunasia mwanga, ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilikuwa imepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita. Maelezo yao ni kwamba maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuelea juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Mbolea inabaki chini.

Hoja hiyo ina uzito. Bahari za tropiki hazikosi jua. Saa sita mchana mwanga huwa mkali hadi unapunguza usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wa vijimea vilivyo karibu na uso wa maji. Zinachokosa ni virutubisho.

Hata hivyo, setilaiti haipimi usanisinuru. Inapima rangi, na rangi hiyo ndiyo hutumika kukadiria klorofili. Maji yakivurugwa hadi kina kirefu, seli hukaa gizani muda mwingi, hivyo hutengeneza klorofili zaidi ili kunasa mwanga hafifu. Maji yakitulia, seli hukaa juani na kupunguza klorofili, huku kazi yake ikiendelea. Michael Behrenfeld wa Chuo Kikuu cha Oregon State na wenzake walionesha, pia mwaka 2016, kwamba sehemu kubwa ya upungufu wa klorofili katika bahari zenye joto yaweza kuelezwa hivyo. Isitoshe, ile miongo sita ilitegemea modeli za kompyuta, kwani rekodi ya setilaiti isiyokatika inaanzia 1997.

Kwa maoni yangu, Behrenfeld anashawishi zaidi kwenye maji yaliyotulia kuliko Somalia, ambako kila kitu hutegemea mbolea inayopandishwa na kusi. Kwenye pwani ya Tanzania, wakati wa kaskazi, hustawi Trikodesmiamu, bakteria wanaojitengenezea mbolea kutokana na naitrojeni ya hewani. Bahari tulivu haijafa. Wafanyakazi wake wamebadilika.

Na hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Daiatomu, aina ya fitoplanktoni zenye seli kubwa, huliwa na wadudu wa majini, nao huliwa na vibua na dagaa: safari fupi. Seli ndogo za maji ya joto huliwa kwanza na viumbe vya seli moja, kisha na wengine, na kila hatua sehemu kubwa ya chakula hupotea. Usanisinuru waweza kubaki uleule na bado nyavu zikapanda nyepesi.

Mabishano haya yataamuliwa na vipimo vya majini. Mbinu ya kaboni 14, yaani kaboni yenye mnururisho inayoweza kufuatiliwa, iliyoletwa na Einar Steemann Nielsen mwaka 1952, hupima kaboni ambayo vijimea vimeifyonza ndani ya chupa ya maji ya bahari. Karibu na Hawaii vipimo hivyo vimefanywa tangu 1988. Tunavihitaji mkondo wa Pemba na nje ya Somalia, kusi na kaskazi, miaka mfululizo. Kwa sasa, asilimia 20 isomwe kuwa ni ya klorofili, isigeuzwe asilimia 20 ya samaki.