Agosti Iwe ya Wenyeji wa Mombasa

Desemba tumewaachia wageni, na sisemi hivyo kwa uchungu. Treni inashusha umati Miritini, mabasi ya bara yanaingia usiku na mchana, hoteli za Nyali na Bamburi zinajaa, na kila ukuta una bango la tamasha lenye picha ya msanii kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dereva wa tuktuk anapona, mwenye nyumba za kupangisha anapona, muuza madafu anapona. Lakini muulize mama wa Mishomoroni mwenye watoto wanne ni lini mara ya mwisho alitoka na familia nzima usiku kwenda kusikiliza muziki. Tiketi zimemshinda, saa ya kuanza imemshinda, na nauli ya kurudi usiku wa manane ndiyo imemmaliza kabisa.

Kwa hivyo ombi langu ni moja: tupewe Agosti, iwe na jioni za muziki na chakula za wenyeji, bila kiingilio.

Agosti ndio mwezi mwafaka. Mvua za masika zimepita, kusi inavuma, na jioni mtu anaweza kukaa nje akapata upepo badala ya kutiririka jasho kama wakati wa kaskazi. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani wanazurura. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani nayo yamezoeleka kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, kwa hivyo hata mzazi asiye na mazoea ya kutoka anajua huu ni msimu wa kuvalisha watoto nguo nzuri na kuwapeleka mahali.

Miaka hii kuna jambo jingine. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa sasa Maulidi yanatuangukia Agosti na mapema Septemba. Atakayesimama Mji wa Kale siku ya zefe, yale maandamano ya Maulidi, ataona ninachokisema: wavulana wa madrasa wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, matari yanarindima, kasida zinaitikiwa kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma, na watu wamejipanga vibarazani na madirishani wakitazama. Hakuna tiketi wala walinzi wenye mikanda ya kuzuia watu. Walimu wa madrasa, kina mama wapishi na vijana wa mtaa wamelipanga jambo hili wenyewe, na kila mtu anajua nafasi yake. Hiyo ni ibada, nami silitaji ili ligeuzwe burudani. Nalitaja kwa sababu tukiambiwa kwamba mitaa yetu haiwezi kuandaa jambo kubwa kwa utaratibu, tuna jibu.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo matamasha makubwa yanaponikera zaidi. Likipangwa tamasha, kitu cha kwanza ni kuwaondoa wauzaji waliokuwa pale kila siku. Vibanda vinakodishwa kwa bei ambayo muuza mihogo hawezi kuifikiria, wanaingia watu na mahema yao na chipsi zao, na aliyekaa kwenye ule upepo miaka yote anasukumwa ng'ambo ya barabara. Haya mambo yanafanyika, na wanaoyafanya wanajua kwamba watu wanakwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni kwa sababu ya mihogo na madafu hasa.

Mtazame muuza mhogo wa kuchoma kazini. Anaugeuza juu ya makaa mpaka ngozi ya nje inakauka na kufanya rangi ya kahawia, anautoa kwa vidole vilivyozoea moto, anaupasua katikati kwa kisu. Kisha anachukua nusu ya ndimu, anaichovya kwenye chumvi na pilipili ya unga, na kuikandamiza kwenye ule mpasuko mpaka maji yaingie ndani. Hakuulizi ukali kiasi gani. Ukitaka kidogo sema mapema. Pembeni yake kuna mwenye viazi karai: viazi vimechemshwa, vimechovywa kwenye unga uliotiwa rangi ya manjano, vinatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka na kuletwa na chatini ya ukwaju. Halafu yuko wa mishkaki, wa mabuyu, wa kachri, mzee wa kahawa chungu na vikombe vyake vidogo. Huo ndio ukumbi wenyewe. Kama kaunti itafanya kitu kimoja tu katika ombi langu lote, basi iwe hiki: wauzaji waliopo wabaki walipo, wawekewe taa, maji ya kunawa na mapipa ya taka, na wasitozwe ada ya siku ya tamasha juu ya kibali walichokwisha kulipia.

Muziki tunao mwingi kuliko jukwaa lolote tunalopewa. Bango, muziki aliouasisi mpiga saksafoni Joseph Ngala wa Freretown, unasikika katika harusi nyingi za Pwani, na watu wazima huucheza taratibu, mguu hauna haraka. Freretown yenyewe ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Sijui mahali pafaapo zaidi kwa usiku wa bango kuliko pale pale, na wazee wa huko wakae viti vya mbele. Likoni wana ngoma za Kidigo, sengenya ikiwemo. Mwanzele na gonda za ndugu zetu Mijikenda huitwa haraka kiongozi akija, wacheze dakika tano juani, wapewe soda. Ngoma hizo zinastahili usiku wao wenyewe, zipigwe mpaka wapigaji wachoke.

Na taarab je? Mji huu ulikuwa na mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Ulikuwa na Zein l'Abdin na udi wake, ile ala ya nyuzi. Zuhura Swaleh aliitia taarab mdundo wa chakacha mpaka kina mama wakashindwa kukaa vitini. Leo kijana wa Majengo anaweza kumaliza shule bila kumwona mtu akipiga udi mbele ya macho yake. Ukitaka kuijua taarab kwa ukweli, lazima uione ikiimbwa mbele ya watu: shairi limefika pale penye fumbo, mama mmoja anainuka polepole, anakwenda mbele akiyumbisha mabega, noti iko mkononi, anamtuza mwimbaji huku akimtazama mtu mwingine kabisa ukumbini. Kila aliyeko ndani ameelewa. Simu haiwezi kukuletea hilo, na mtoto halijui mpaka awepo.

Wasanii hawa walipwe. Nimezungumza na mpiga kinanda mmoja wa hapa mjini ambaye amealikwa jukwaa moja na nyota wa mbali. Nyota alilipwa kabla hajapanda ndege. Yeye na wenzake waliambiwa wasubiri, wakapanda saa ambayo watu bado wanaingia, na mwisho wakapewa kilichoitwa nauli. Mcheza kwao hutuzwa, tunasema kila siku; huko si kutuza. Bendi ya nyumbani ipande saa mbili usiku, watu wakiwa wamejaa, na hela yake iwe imeshaingia kwenye simu.

Jukumu hili ni la nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, pamoja na bustani na fukwe. Mombasa ina kaunti ndogo 6: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ninachoomba ni jioni sita, moja kwa kila kaunti ndogo, bila kiingilio, katika viwanja ambavyo tayari ni vya umma. Mvita wana Tononoka, Makadara na Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka 2019 ikiwa na nafasi ya kutosha. Nyali wana ufuo wa umma. Mtu wa Likoni asilazimike kuwazia feri ya usiku ili asikie ngoma ya kwao, na mtu wa Miritini asivuke mji mzima. Vijana wa kituo cha Swahilipot, pale karibu na Mji wa Kale, wamekuwa wakifanya maonyesho ya mashairi na muziki kando ya bahari kwa miaka kadhaa. Wapewe usukani wa vipaza sauti na ratiba, wanaijua kazi.

Najua yatakayosemwa. Kelele: tufunge saa nne usiku, na vipaza sauti vizimwe adhana ikianza. Pombe: isiuzwe, kwa sababu ikiuzwa nusu ya familia za mji huu hazitakuja, bibi zetu wakiwa wa kwanza. Usalama wa wasichana ndio unaonishughulisha zaidi. Taa ziwepo mpaka kwenye steji ya matatu, na magari yawepo wakati watu wanatoka.

Pesa haitatoka hewani. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo huitishwa mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi, na wengi wanaokwenda huzungumzia maji, mitaro na barabara, na wana haki. Mimi nitakwenda ule wa wadi yangu kuomba fungu la jioni moja ya Agosti, lenye mstari wake wa malipo ya wasanii. Nawe wa Jomvu au Changamwe, nenda wa kwenu ukiwa na majina: bendi gani ipige, uwanja gani utumike, na nani wa mtaani kwenu asiondolewe kwenye karai lake.