Rama ni mweusi, mchoreni hivyo

Kuna kitu kinanikera sana kwenye vitabu vya picha vinavyowasimulia watoto Ramayana, utenzi wa kale wa India wa mwana wa mfalme Rama na mkewe Sita aliyetekwa na Ravana, mfalme wa Lanka, na kinanikera kwa sababu huu utenzi naupenda. Ni rangi. Mchoraji akifika kwa wale mazimwi wa Lanka, rakshasa, mara nyingi anawapaka weusi uliokolea, anawapa midomo mikubwa na nywele za kipilipili, alafu Sita anakuwa mweupe pee, na Rama kama sio bluu basi ni pinki. Mtoto wa miaka mitano hajajua hata kusoma lakini hapo keshaelewa nani mbaya nani mzuri, na kaelewa kwa ngozi.

Na utenzi wenyewe hausemi hivyo. Ramayana ya Valmiki, mshairi wa kale, ina beti kama 24,000 za Kisanskriti, imegawanywa vitabu saba, na cha tano, Sundara Kanda, ndo naona mtu angeanza nacho kama anataka kuwasimulia watoto. Hanuman, nyani mjumbe wa Rama, karuka bahari, kaingia Lanka usiku kimya kimya, anapita nyumba hadi nyumba anamtafuta Sita. Anachokiona sio pango la majitu. Ni mji wa dhahabu, una bustani, una muziki, na hao rakshasa wengine wana sura mbaya kweli lakini wengine ni wazuri wa kupendeza, na karibu na alfajiri anasikia watu humo ndani wanasoma Veda, maandiko matakatifu yale yale yanayosomwa Ayodhya kwa kina Rama! Mchoraji akisoma hiyo sehemu vizuri ana kazi tamu ya kurasa kumi nzima, na hahitaji hata zimwi moja jeusi lenye meno nje.

Sasa sikia hii. Hanuman anamkuta Sita kwenye bustani ya miti ya ashoka, analindwa na mazimwi wa kike, na Sita hamwamini kabisa, anahisi ni Ravana kajigeuza, na ana haki maana Ravana siku anamteka alikuja amejifanya mtawa anayeomba sadaka. Kwa iyo anamwambia haya, nitajie alama za mume wangu na za shemeji yangu. Hanuman anaanza kumwelezea Rama kiungo kwa kiungo, macho, mabega, mikono, mpaka sauti, na anasema wazi kwamba Lakshmana, mdogo wake Rama, ana rangi ya dhahabu na Rama ni mweusi. Hapo ndo Sita anaanza kulegea, na pete ya Rama aliyopewa Hanuman inakuja baadae. Yaani weusi wa Rama ni ushahidi, ni moja ya vitu vinavyomhakikishia mke aliyetekwa kwamba huyu mjumbe ni wa kweli. Ukimchora Rama pinki ukurasa huo unakuwa hauna maana, mtoto mwenye akili atakuuliza mbona Hanuman anadanganya.

Bluu naielewa, ni desturi ya wachoraji wa India ya karne nyingi na Mhindi akiiona anajua anamtazama nani, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale bluu inapobaki ya shujaa peke yake na weusi wa kawaida, weusi wa watu, unaachiwa mazimwi. Kule Chennai na Madurai, kusini mwa India, kuna watoto wana ngozi kama ya wanangu, na wao ndo wenye hadithi. Hata kwenye Mahabharata, utenzi mwingine mkubwa wa India, malkia Draupadi anasifiwa kwa uzuri wake na ni mweusi, lakini kwenye vitabu vya watoto keshasafishwa siku nyingi.

Amar Chitra Katha, wale wa vitabu vya katuni vya India, nawaheshimu, niseme ukweli. Anant Pai aliianzisha mwaka 1967 baada ya kuona kwenye televisheni Delhi vijana wa Kihindi wanajibu maswali ya miungu ya Ugiriki vizuri tu, ila wakiulizwa mama yake Rama ni nani wanakwama (ni Kausalya). Zile katuni za bei nafuu ndo zimewafundisha mamilioni ya watoto hizi hadithi, na ndo maana wahakiki wa India wenyewe wamezilalamikia sana kwa hayo mazimwi meusi, maana kitu kinachosomwa na kila mtu kosa lake nalo linasomwa na kila mtu.

Na wala sio kwamba mifano mizuri haipo. Mwaka 1649 mtawala wa Mewar, ufalme wa zamani wa India, Jagat Singh, aliagiza Ramayana ya picha, zaidi ya picha 400, na mmoja wa wachoraji wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Muislamu, Sahibdin. Ukurasa wake mmoja unakuwa na Rama yule yule mara tatu nne, huku anaongea, kule anatembea, pale analia, na jicho linafuata lenyewe bila maandishi. Watoto wanaelewa hii haraka kuliko sisi, mpe mtoto karatasi moja tu atachora safari nzima humo humo.

Kingine kwa kifupi, msiufute mwisho. Vitabu vingi vya watoto vinaishia kwenye taa za Ayodhya, Rama na Sita wamerudi nyumbani, shangwe, basi. Lakini Sita alipitishwa kwenye moto kuthibitisha uaminifu wake, na baadae kwa amri ya Rama akapelekwa msituni akiwa na mimba, akazaa mapacha huko, Lava na Kusha, na mwishowe akaiomba ardhi imchukue, ikamchukua. Sisemi asomewe mtoto wa miaka minne, ila wa miaka tisa anaweza, na akikasirika kwa ajili ya Sita mwacheni akasirike, wasomaji wa India wamegombana na Rama juu ya hilo jambo tangu zamani sana.

Kama kuna mchoraji anasoma hapa na anataka kujaribu, aanze na Jatayu, yule ndege mzee aliyemrukia Ravana peke yake angani kumwokoa Sita akakatwa mabawa. Rama alimfanyia mazishi kama ndugu wa damu. Mikono inayowasha ule moto ipake rangi aliyoisema Hanuman.