Vitabu vya picha vipelekwe kliniki

Hapa Massachusetts ukimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito na kuchomwa chanjo, mara nyingi anarudi na kitabu cha picha. Daktari anamkabidhi mwenyewe, anaangalia anavyokishika na kukifunua, kisha anakuonyesha wewe mzazi namna ya kukaa nacho. Mpango huo, Reach Out and Read, ulianzia katika hospitali ya jiji la Boston mwaka 1989 na leo umeenea Marekani nzima.

Hilo nawaonea wivu. Mengine hapana. Wazazi hapa, sisi wahamiaji tukiwamo, tunaunganisha zamu, mtoto anaachiwa tableti, kitabu cha daktari kinaishia chini ya kochi. Kwetu Tanga mtoto ana bibi, shangazi na watoto wa jirani. Kuanzia alfajiri hakosi wa kuzungumza naye. Ukiniuliza nani ana mtaji mkubwa zaidi, nitasema sisi.

Ila tumekifanya kitabu kuwa mali ya shule. Vikiletwa vya picha, vinafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu visichafuke, na mtoto wa miaka mitatu anakaririshwa herufi ubaoni. Mtoto wa mwaka mmoja lazima akitafune kitabu! Ndiyo maana vya umri wake hutengenezwa kwa kurasa ngumu kama boksi.

Halafu kuna dhana kwamba asiyejua kusoma hawezi kumsaidia mtoto. Si kweli. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake, huko New York, waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi kuuliza badala ya kusoma tu: huyu nani, anafanya nini, unadhani anakwenda wapi? Wakamngoja mtoto ajibu, wakakuza jibu lake. Baada ya mwezi mmoja watoto hao waliwapita kwa kujieleza wenzao waliosomewa kwa kawaida. Sasa niambieni, bibi aliyezoea kutega kitendawili na kusubiri watoto watoe mji, atashindwa nini hapo? Mpe picha ya mbuzi. Ataanza na mbuzi huyo, atahamia kwa yule wa jirani aliyekula kanga kwenye kamba, na mjukuu atadakia.

Mimi mwenyewe maandishi ya Kiingereza nayaruka, nasimulia picha kwa Kiswahili, na mwanangu haoni tofauti. Lakini picha zenyewe zimejaa theluji na dubu. Vya kwetu vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991, na African Storybook, maktaba ya mtandaoni, ina hadithi za picha za Kiswahili ambazo mtu anaweza kuzichapa bila kulipa.

Kinachokosekana ni njia ya kuvifikisha, na njia tunayo. Kina mama wanapanga foleni na kadi zao za kliniki, wanakaa kwenye mabenchi asubuhi nzima, watoto wanalia kwa kuchoka. Halmashauri inunue kapu la vitabu kwa kila zahanati, muuguzi atumie dakika mbili kuonyesha. Hata sisi tunaotuma maboksi ya nguo tupunguze jozi moja ya viatu.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, anacheka: vitaibiwa ndani ya wiki. Viibiwe tu. Kitabu cha kurasa kumi na mbili chenye picha ya kuku, mwizi atakipeleka wapi kama si kwa mtoto?