Gari Lipi Linakula Matairi? Tazama Tairi Linalotangulia Kuisha

Wachezaji wengi wa gemu za mbio hulinganisha magari kwa wastani wa matairi yote manne. Naona hesabu hiyo inapotosha, na inawafanya watu waache magari mazuri bila sababu. Tairi moja likiisha, gari zima limeisha, hata kama matatu yaliyobaki ni mazima.

Chukulia gari la kwanza, baada ya mizunguko 10, limebakiwa na asilimia 40 kwenye tairi la mbele kushoto na 70 kwenye mengine yote. La pili lina 58 kote. Kwa wastani la kwanza linaongoza, 62.5 dhidi ya 58, lakini ndilo litakalotangulia kuingia piti, mahali pa kubadilishia matairi. Tairi lake la mbele kushoto halishiki tena vizuri, gari linagoma kukata kona, na dereva anazidi kukunja usukani. Kukunja huko ndiko kunakolimaliza: likishapinda kupita kiasi haliongezi mshiko, linajikwangua tu kwenye lami na kupata joto. Ndiyo maana kasi ya kuisha huongezeka kadiri mbio zinavyosonga.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tumia aina moja ya tairi, kasi ile ile ya uchakavu kwenye mipangilio ya gemu na hali ya hewa isiyobadilika, halafu zima ulaji wa mafuta. Hili la mafuta watu hulipuuza mno. Tangi likipungua gari huwa jepesi, muda wa mzunguko unashuka, na hasara ya matairi inajificha humo. Gari linalokunywa mafuta sana litaonekana kama linatunza matairi, kumbe limepungua uzito tu.

Usiyalazimishe magari mawili kukimbia muda mmoja, maana lile la polepole utalikamua. Tafuta kwanza muda bora wa kila moja, kisha liendeshe kama asilimia 1 juu yake: muda bora ukiwa 2:00.0, lenga 2:01.2. Mzunguko wa kwanza usiuhesabu, matairi bado ni ya baridi. Ukiserereka vibaya, anza upya.

Uwanja nao una upande wake. Interlagos, ule wa Brazil, huzungukwa kinyume cha saa, kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa. Suzuka, ule wa Japani, njia yake inajikata kama namba 8, na idadi ya kona za kulia na za kushoto inakaribiana. Kwa jaribio la kwanza mimi napendekeza huko.

Gari linalovutwa na matairi ya mbele lihukumiwe kwa uangalifu. Matairi mawili yanavuta, yanakata kona na yanabeba sehemu kubwa ya breki. Kabla ya kulikataa, sogeza mgawo wa breki nyuma hatua moja au mbili, rudia jaribio, uone kama mbele pamepata nafuu. Linalosukumwa na matairi ya nyuma huumia zaidi wakati wa kutoka kona za polepole. Hapo panda gia moja juu na ukanyage mafuta taratibu. Katika gemu ya Assetto Corsa Competizione angalia pia presha: tairi kavu likishapata joto linatakiwa liwe psi 26 hadi 27, na gari lililo nje ya hapo usililinganishe na jingine.

Gemu ya Gran Turismo 7 huonyesha uchakavu wa kila tairi kwa mstari unaopungua bila namba, kwa hiyo andika mzunguko ambao kila tairi limefika nusu, pamoja na muda wa kila mzunguko. Muda ndio hakimu. Tuseme gari moja, tangu mzunguko wa pili, kila mzunguko unachukua sekunde 0.1 zaidi ya uliotangulia, na jingine halipotezi chochote kwa mizunguko 8, kisha linapoteza 1.5 na 3.0. Mpaka wa 10 yote yamepoteza sekunde 4.5. Ukipanga kuingia piti mwisho wa mzunguko wa 8, la pili lina faida ya sekunde 2.8. Ukitaka kufika wa 12 bila kusimama, chukua la kwanza, maana la pili litakuwa linaporomoka huku lile likiwa limepoteza 6.6 tu.